Wamaya nao viungo vinawauma

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya ulichapisha makala inayosema kwamba watu wanaoishi kiasili, wanaokula mahindi ya shamba lao na kutembea kwa miguu, hawajui maumivu ya mgongo na viungo, na kwamba maumivu hayo ni ya watu wa ofisini. Mfano uliotolewa ni Wamaya wa vijijini, huko Meksiko na Guatemala. Tunaomba nafasi tusahihishe. Kosa hilo lina madhara, kwa maana mtu akishadhaniwa kuwa haumwi hakuna atakayekwenda kumuuliza, na asipoulizwa hahesabiwi, na asipohesabiwa hapangiwi dawa wala daktari.

Picha mliyoiweka juu ya makala inatosha kuijibu. Mama amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga matatu. Kigoda ni kifupi kiasi kwamba magoti yake yamepanda juu kuliko nyonga, na kwa hiyo kiuno hakina namna ila kujikunja kwenda nyuma. Mkono wa kulia umenyooka mbele, juu ya moto, vidole vinageuza tortila, ile chapati nyembamba ya mahindi, kwenye kikaango bapa. Uzito wa kichwa, mabega na mkono ulionyooshwa wote unaning'inia kwenye misuli ya kiuno. Piga hesabu. Nyumba ya watu 6, kila mmoja akila tortila 8 kwa mlo, milo 2 kwa siku: hizo ni tortila 96. Kila tortila huwekwa, hugeuzwa mara mbili, huondolewa. Ni karibu mara 400 kwa siku mkono unakwenda motoni na kurudi, mgongo ukiwa katika hali ile ile ya pichani. Mama yule anatabasamu kwa sababu anapigwa picha.

Wamaya si kabila moja. Katika rasi ya Yucatán kuna wasemaji takriban 775,000 wa lugha inayoitwa Kimaya, kwa sensa ya Meksiko ya mwaka 2020. Guatemala peke yake inatambua lugha 22 za jamii hiyo, nyingi zikiwa za milimani. Kazi za mlimani na za tambarare hazifanani kabisa, lakini mambo matatu yanarudi kila mahali: jiko la chini, mzigo wa mgongoni, na shamba lisilo na mashine.

Idadi ya wanaoumwa si jambo la kukisia. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani na shirikisho la kimataifa la madaktari wa viungo walianzisha utaratibu unaojulikana kwa kifupi COPCORD, uliotengenezwa mahsusi kwa sehemu zisizo na mashine wala maabara. Unakwenda kwa hatua. Kwanza wadodosaji waliofunzwa hupita nyumba kwa nyumba, si zahanati kwa zahanati, kwa sababu ukisubiri zahanati utawaona tu wenye nauli. Huuliza kama mtu ameumwa kiungo, misuli au mgongo katika siku 7 zilizopita, na kama amewahi kuumwa hapo nyuma. Humwonyesha mchoro wa mwili aguse panapouma. Humwomba apime ukali wa maumivu. Humuuliza ni kazi gani imemshinda. Kisha kila aliyejibu ndiyo huonwa na daktari, hukaguliwa kwa mkono, na wachache tu ndio hupelekwa kupimwa damu au kupigwa eksirei.

Nchini Meksiko kazi hiyo iliongozwa na Dkt. Ingris Peláez-Ballestas na wenzake. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, watu wazima 19,213 wa maeneo matano walifikiwa. Baridi yabisi yenyewe, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo, ilikutwa kwa asilimia 1.6 ya wote. Yucatán ilikuwa juu kuliko kwingine kote: asilimia 2.8. Baadaye Dkt. Adalberto Loyola-Sánchez na wenzake walikwenda Chankom, wilaya ya Wamaya wakulima iliyo ndani ya Yucatán, si mbali na magofu ya Chichén Itzá, na kudodosa zaidi ya watu 1,500. Wenye maumivu hawakuwa wa kutafutwa kwa tochi.

Kwa nini basi waandishi wengi wameendelea kudhani hawapo? Sababu moja ni namna ya kuuliza. Hojaji inayotumika sana duniani kupima uwezo wa mgonjwa wa viungo ilitungwa Marekani. Humuuliza mtu kama anaweza kufungua mlango wa gari, kufungua na kufunga bomba, kuingia kwenye beseni la kuogea, kupanda na kushuka kitandani. Mwulize hayo mama wa Chankom ambaye hana gari na hulala kwenye bembea la nyuzi lililofungwa ukutani. Atajibu kwamba hana shida, na kwenye fomu ataandikwa mzima. Lakini kutoka kwenye bembea ni kazi nzito kuliko kutoka kitandani: unaanza ukiwa chini ya usawa wa magoti, hakuna ubao wa kusukumia, na goti lililolika ndipo linapokataa. Swali linalofaa ni kama anaweza kushuka bembeani bila kushikwa mkono, kuvuta ndoo kisimani, kukaa kwenye kigoda mpaka unga uishe, kubeba kuni, kupanda mahindi. Ndiyo maana wataalamu wale walizitafsiri na kuzipima upya hojaji zao pamoja na wenyeji kabla ya kuzitumia kwa Wamaya.

Neno lenyewe la maumivu linahitaji masikio. Wamaya wa Yucatán husema chi'ibal, na mzizi wake ni kuuma kwa meno. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, kwani sisi pia husema mbwa anauma na mgongo unauma. Kwa Kihispania daktari huuliza kuhusu dolor, mgonjwa anayekijua Kihispania cha sokoni tu hujibu "kidogo", na daktari huandika kidogo.

Turudi jikoni, maana huko ndiko nafuu ya haraka ilipo, na pia ndiko misaada mingi hukosea.

Urefu wa jiko hupimwa kwa kiwiko cha mpishi. Mpime amesimama wima bila viatu, mkono umening'inia, kiwiko kimekunjwa nusu. Kwa kazi nyepesi ya vidole, kama kutandaza na kugeuza tortila, sehemu ya kazi iwe sentimita 5 hadi 10 chini ya kiwiko. Kwa kazi ya kukandamiza, kama kukanda unga mgumu, ishuke sentimita 10 hadi 20 ili uzito wa mwili usaidie. Wanawake wengi wa Kimaya wa vijijini hawafiki sentimita 150 kwa urefu. Mwenye sentimita 145 kiwiko chake kiko kama sentimita 91 kutoka sakafuni, kwa hiyo uso wa kikaango chake uwe kati ya sentimita 81 na 86. Sasa fundi anakuja na kipimo cha jiko la mjini lililokusudiwa mtu wa sentimita 165. Uso wa kikaango unafika 95. Mama anapika akiwa ameinua mabega kutwa nzima, kiuno kinapona, shingo na bega vinaharibika, na baada ya mwezi jiko limegeuzwa kabati la vyombo naye amerudi kwenye mafiga. Kisha inaandikwa kwenye ripoti kwamba wanawake wameng'ang'ania mila. Dawa yake ni kujaza mawe na kuyashindilia mbele ya jiko, tuta la sentimita 10 au zaidi kidogo, pana kiasi cha miguu yote miwili kusogea bila kutazama chini.

Kosa la pili ni kuinua kitu kimoja na kuacha kingine. Jiko la Wamaya wa Yucatán ni vitu vitatu vinavyokwenda pamoja: mafiga, k'óoben kwa lugha yao, kigoda, k'áanche', na kimeza kifupi cha duara ambapo tonge la unga huzungushwa juu ya kipande cha nailoni, ncha za vidole zikilitandaza mpaka liwe duara jembamba. Ukiinua moto peke yake, mama anatandaza chini na kuchoma juu, anakaa na kusimama mara 96. Ukiinua kimeza peke yake, anainama motoni kwa kila tortila. Anayependa kukaa, na wengi hupenda kwa sababu kazi ni ndefu, kigoda kiwe na urefu wa kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, kama sentimita 36 kwa mwanamke wa kimo tulichotaja, kimeza kama 55, na uso wa kikaango usawa huo huo wa kimeza, upande wa mkono anaoutumia. Magoti yasizidi nyonga kwa urefu. Hicho kimoja kikitimia, kiuno hupumua hata kama mengine bado.

Katika milima ya San Marcos, Guatemala, kwa Wamaya wasemao Kimam, jiko la kuinuka lenye bomba la moshi liitwalo plancha lilijaribiwa kwa utaratibu wa kisayansi kati ya mwaka 2002 na 2004. Lengo kuu lilikuwa moshi na vifua vya watoto, na wanawake walipata nafuu kubwa ya macho kuwasha na kuumwa kichwa. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba akina mama wa Kimaya hulikubali jiko jipya na kulitumia likiwafaa. Fedha za moshi na fedha za mgongo zinaweza kujenga jiko lile lile moja, mradi mtu abebe futi ya kupimia.

Viganja navyo vina habari yake. Vidole vinavyotandaza unga kila siku huuma kwenye shina la dole gumba na kifundo cha mkono. Hapo mashine ndogo ya kukandamiza tortila inasaidia, ila mpini wake ukiwa mfupi hurudisha shida ile ile begani. Wengi pia hudarizi nguo na kusuka bembea za kuuza. Kudarizi kwa taa hafifu huvuta shingo mbele. Kusuka bembea kwenye fremu iliyosimama huweka mikono juu ya mabega kwa saa nyingi, na mikono ikae chini ya bega ama kwa kushusha fremu ama kwa kusimama juu ya kitu.

Shamba la mahindi la Yucatán, kool, si shamba la jembe. Udongo ni mwembamba, unakaa mifukoni katikati ya mawe ya chokaa, na hakuna plau inayopita. Msitu hukatwa kwa panga na shoka, huchomwa mwisho wa kiangazi, na mvua ikifika mbegu hupandwa kwa mti uliochongoka, xúul: toboa, tupia punje, fukia kwa mguu, hatua moja, rudia. Palizi hufanywa kwa kisu kifupi kilichopinda, lóobche', na hiyo palizi ndiyo inayovunja viuno. Mpini wake ni mfupi kwa sababu ya maana: mrefu hugonga mawe na kuruka. Kwa hiyo kumshauri mkulima wa Chankom aongeze mpini bila kumuuliza ni ushauri wa mtu asiyeijua ardhi ile. Kinachowezekana ni kukata fimbo yenye panda na kuishika kwa mkono wa pili, aegemee wakati mkono mwingine unakata. Huo mkono unabeba uzito wa kifua ambao ungebebwa na kiuno. Kinachowezekana pia ni tupa ya kunolea panga. Panga butu hulazimisha kushika kwa nguvu na kupiga mara mbili, na maumivu ya upande wa nje wa kiwiko huanzia hapo. Wao hupima shamba kwa mecate, kipande cha mita 20 kwa 20. Tupa ipite kwenye makali kabla ya kila mecate, na katika kunoa huko mkulima asimame wima, aelekeze mgongo nyuma mara tano, mikono kiunoni. Mapumziko yaliyofungwa kwenye kazi yenyewe hufanyika. Yale ya kutazama saa hayafanyiki.

Wanaume wengi wa vijiji hivyo huondoka Jumatatu kwenda kujenga mahoteli ya pwani ya Cancún na kurudi mwisho wa wiki. Mfuko wa saruji huko kwa miaka mingi ulikuwa wa kilo 50. Kanuni ya kuinua mizigo ya taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka kilo 23 kuwa kikomo cha kuanzia, tena pale mzigo unapokuwa karibu na mwili, usawa wa kiuno, bila kujipinda. Mfuko kama huo, ulio chini sakafuni, wa kuzungushwa begani, ulikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Gunia la kahawa la Guatemala, pauni 100, ni kilo 45.

Kuni. Hapa wasomaji wa Kenya wataona sura wanayoijua. Wamaya hubeba mgongoni kwa ukanda unaopita juu ya paji la uso, kwa Kihispania cha huko mecapal, sawa na mũkwa wa wanawake wa Kikuyu, mpaka alama yake hubaki kwenye fuvu. Si njia mbaya. Uzito hushuka kupitia uti wa mgongo na mikono inabaki huru. Huharibika kwa njia tatu. Ukanda mwembamba hukata, uwe na upana wa sentimita 6 hadi 8. Ukanda uliokaa katikati ya paji huvuta kichwa nyuma, na mbebaji hujibu kwa kusukuma shingo mbele kilomita zote. Ukae juu, pale nywele zinapoanzia. Na mzigo ukining'inia chini ya kiuno hugonga kila hatua, kwa hiyo ufungwe juu, ushikane na mgongo. Kupakia na kupakua kufanyike kwenye gogo au ukuta wa mawe wenye urefu wa makalio, kwa sababu wengi huumia wakati wa kuinuka kutoka ardhini, si njiani. Jambo rahisi kupita yote: kuni zikatwe na kuachwa porini wiki kadhaa. Katika kuni mbichi, maji hufika hata nusu ya uzito. Anayebeba mbichi anabeba maji ambayo jua lingeyakausha.

Sasa suala la baridi. Wamaya wa Yucatán hutenganisha mwili wenye joto na kitu baridi, síis. Mama aliyetoka kwenye kikaango hatii mikono kwenye maji baridi, mkulima aliyetoka shambani hukaa apoe kabla ya kuoga, na upepo, iik', ukimkuta mtu mwenye jasho huingia kwenye viungo. Wapo wahudumu wa afya wanaocheka. Wasiwe Waswahili, tafadhali, maana ugonjwa huu sisi wenyewe tunauita baridi yabisi, baridi kavu, na wazee wetu wa pwani walimaanisha walichosema. Kitabibu jambo hili lina matumizi ya moja kwa moja. Mgonjwa wa huko ukimpa barafu kwa kifundo kilichoteguka ataipokea kwa adabu na kuitupa njiani. Mpe kitambaa cha kufunga, mwambie ainue mguu juu ya moyo, na siku za baadaye maji ya uvuguvugu na mazoezi. Atafanya. Tahadhari ni moja: kiungo kilichovimba kikawa chekundu na cha moto kisikandwe kwa moto.

Kabla ya zahanati kuna wachuaji, na kuna mfunga mifupa, k'ax baak. Wana mikono mizuri kwa misuli iliyokaza, na huwachua wagonjwa wakizungumza nao kwa lugha yao, jambo ambalo zahanati nyingi haziwezi. Wapo pia wanaorudisha tip'te', kile kinachodunda chini ya kitovu, ambacho husemwa kuwa huhama mtu akiinua kizito. Mgonjwa akikuambia tip'te' yake imehama, usibishane naye. Muulize aliinua nini, lini, na kama analegea. Wachuaji wengi ni watu wa kujadiliana nao, na mazungumzo yenyewe yahusu vitu vya kutochua: kiungo kilichopinda baada ya kuanguka, kiungo chekundu chenye homa, mguu wenye ganzi inayoshuka chini ya goti, mtu aliyeshindwa kuzuia mkojo au ambaye makalio na mapaja ya ndani yamekufa ganzi. Huyo wa mwisho ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Kinachotutia hofu kuliko kuchua ni vidonge. Katika masoko ya Meksiko, na madukani kwa wahamiaji wa Marekani, huuzwa chupa za "mimea na glukosamini" za viungo. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu zile zinazouzwa kwa jina la Artri King, baada ya kupimwa na kukutwa na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na deksamethasoni, homoni ya kutengenezwa, ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Hapo ndipo sifa ya "mimea" ilipotoka. Deksamethasoni hutuliza kiungo ndani ya siku moja au mbili, mgonjwa anaamka, anapanda mahindi, anamwambia jirani. Miezi ikipita uso unakuwa wa duara, sukari na shinikizo la damu vinapanda, ngozi inachubuka kwa kuguswa, mifupa inapungua uimara. Diklofenaki nayo inakula tumbo na figo, hasa kwa anayefanya kazi juani bila maji ya kutosha. Na hatari kubwa zaidi inakuja siku anapoacha. Tezi zilizo juu ya figo zimeshazoea kuletewa homoni ya nje na zimelala, hivyo akikata ghafla shinikizo hushuka, hutapika, anaweza kufa. Aliyekwisha kunywa vidonge vya namna hiyo kwa wiki kadhaa asiviache mwenyewe kwa siku moja. Achukue chupa yenyewe, aende nayo kwa daktari, apunguziwe taratibu. Onyo hili linawahusu pia wasomaji walioko Ulaya, Ghuba na Marekani wanaoagiza dawa za viungo mtandaoni. Kidonge cha mimea kinachoondoa uvimbe kwa siku mbili kiulizwe kina nini.

Kazi ngumu haielezi kila maumivu, na hapa kosa la kulaumu kazi humchelewesha mgonjwa. Gegedu, ule utando mgumu unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ikilika, kiungo huuma ukikitumia na hutulia ukipumzika. Ugumu wa asubuhi huisha ndani ya nusu saa. Baridi yabisi ya kinga ni kinyume: asubuhi vidole havifungi kwa saa nzima au zaidi, huvimba viungo vidogo vya mikono miwili kwa pamoja, na kazi ikianza mtu hupata nafuu. Kamata vifundo vya vidole vinne kama unayemsalimu mtu kwa nguvu kidogo, ubane kwa upande. Akishtuka kwa maumivu, na uvimbe umekaa wiki 6, asipewe chupa nyingine ya kupaka. Apelekwe kwa mtaalamu, ambaye kwa mtu wa Chankom yuko Mérida, zaidi ya kilomita 100. Dawa ya msingi, methotreksati, hunywewa mara 1 tu kwa wiki. Akiinywa kila siku kwa kutoelewa karatasi ya Kihispania, uboho wake utaacha kutengeneza damu. Siku ya kunywa iandikwe na isemwe kwa Kimaya, mbele ya mtu mwingine wa nyumbani.

Na kuna ugonjwa wa huko ambao jina lake limetoka kwetu. Mwishoni mwa 2013 chikungunya iliingia visiwa vya Karibi, 2014 ikafika Chiapas, kusini mwa Meksiko, mwaka uliofuata ikaenea Yucatán. Watu walipata homa kali ya siku chache, kisha vifundo vya miguu na mikono vikauma kwa miezi, wengine kwa mwaka na zaidi. Jina hilo ni la Kimakonde, la kujikunja, lililotolewa katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 huku kwetu Newala. Neno la mkulima wa Newala sasa linatamkwa na mkulima wa Chankom, kwa maumivu yale yale. Kwa daktari wa huko jambo la kuuliza ni kama maumivu yalianza na homa, maana vidole vilivyovimba baada ya chikungunya hufanana sana na baridi yabisi ya kinga. Na homa ikiwa bado ipo, asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka dengi iondolewe shakani, kwa sababu ya kutokwa damu. Parasetamoli na maji.

Tunaomba, Mhariri, sentensi ile ya "hawajui maumivu" irekebishwe katika toleo lijalo. Picha ibaki, ni picha nzuri. Chini yake andikeni kwamba mama yuko kazini, kigoda chake ni kifupi mno, na kikaango kinapaswa kupanda mpaka usawa wa kimeza.

Wataalamu wa tiba ya viungo,
Mtwara